Maneno ya Fadhila na Hali Njema katika Machakos: Tofauti za Rika na za Jinsia

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu suala la tabia njema lilikuwa mikononi mwa wanafalsafa na viongozi wa dini. Tangu mwanzo wa karne ya 21 wanasaikolojia nao wameliingilia, tena wameliingilia kwa vipimo. Mwaka 2004 Christopher Peterson na Martin Seligman wa Marekani walichapisha kitabu kikubwa ambamo nguvu za tabia 24 zimepangwa chini ya fadhila 6: hekima, ushujaa, utu, haki, kiasi, na ile fadhila imwinuayo mtu juu ya nafsi yake. Sambamba na kitabu hicho ilitungwa hojaji ambayo humtaka mtu ajipime mwenyewe: je, yeye ni jasiri, ni mdadisi, ni mwenye shukrani, ni mwenye tumaini? Majibu yake hulinganishwa na ya hojaji nyingine, ihusuyo hali njema, yaani jinsi mtu anavyoridhika na maisha yake.

Matokeo ya uchunguzi wa namna hii si haba. Mwaka huohuo wa 2004 Nansook Park, pamoja na Peterson na Seligman, walieleza kwamba tumaini, uchangamfu, shukrani, upendo na udadisi ndizo nguvu zinazofungamana zaidi na kuridhika na maisha. Mwaka 2019 Sonja Heintz na wenzake walikusanya majibu ya watu zaidi ya milioni 1, wakaona kwamba wake kwa waume hufanana kuliko wanavyotofautiana. Wanawake walizidi kidogo tu katika upendo, wema, shukrani na kuthamini uzuri. Kuhusu Afrika ya Mashariki, Robert Biswas-Diener aliwauliza Wamasai 123 wa Kenya, Wainuti 71 wa kaskazini mwa Greenland na wanafunzi 519 wa Chuo Kikuu cha Illinois. Katika makala yake ya 2006 alieleza kwamba makundi yote matatu yalizitambua nguvu hizo na kuzitamani, ila yalitofautiana katika uzito wa kila moja na katika kuamua kama ni za wake au za waume.

Hapo ndipo mwanaisimu anapopata haki ya kuuliza swali lake. Mtu anapojipima kwa neno, kinachopimwa ni tabia yake au ni neno lenyewe? Ikiwa neno moja humsifu kijana na kumtusi mzee, au humfaa mwanamume na kumwaibisha mwanamke, basi tofauti itakayojitokeza katika hesabu huenda isiwe tofauti ya watu kamwe. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa mfano wa Machakos, mahali ambapo lugha mbili za Kibantu, Kikamba na Kiswahili, huishi pamoja katika kinywa cha mtu mmoja.

2. Mahali na watu wake

Machakos ni jina litokanalo na Masaku, mwaguzi mashuhuri wa Wakamba. Mji huo ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza katika bara ya Kenya hadi makao hayo yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1899. Wilaya ya zamani ya Machakos ilikuwa kubwa kuliko kaunti ya leo, kwani Makueni ilitengwa nayo mwaka 1992. Kwa mujibu wa sensa ya 2019 Kaunti ya Machakos ilikuwa na watu 1,421,932, wanaume 710,707 na wanawake 711,191, wakiwamo wakulima wa milimani pamoja na wakazi wa miji ya viwanda na ya wafanyakazi kama Athi River na Syokimau. Kikamba ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi. Kiswahili ni lugha ya soko, ya kazi, ya darasani na ya mikutano, na tangu Katiba ya 2010 ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Maandishi kuhusu maadili ya Wakamba si machache. Gerhard Lindblom wa Uswidi aliandika kwa kirefu juu ya mila zao katika miaka ya 1910. Mwaka 1962 D. N. Kimilu alitoa kwa Kikamba kitabu kiitwacho Mũkamba wa Wo, yaani Mkamba wa kweli; jina hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba suala la mtu mwema ni nani lilikuwa likijadiliwa na wenyeji wenyewe, kwa lugha yao. Baadaye walifuata Kivuto Ndeti mwaka 1972 na Joseph Muthiani mwaka 1973. Naye Robert Edgerton, katika kitabu chake cha 1971, aliwalinganisha Wakamba na Wahehe, Wapokot na Wasebei, wakulima kwa wafugaji, wake kwa waume, akitumia maswali pamoja na picha. Haja ya kupima tabia katika nchi hii, basi, si jambo la jana.

3. Majina ya rika na fadhila zilizomo ndani yake

Katiba ya Kenya ya 2010 huhesabu umri kwa miaka: kijana ni mwenye miaka 18 hadi chini ya 35, na mzee ni aliyetimiza miaka 60. Hesabu hiyo ndiyo itumiwayo na watafiti wanapogawanya majibu kwa vizazi. Mila ya Kikamba haikuhesabu hivyo. Mwanamume alitoka katika daraja ya mwanake akaingia katika daraja ya nthele alipooa na kupata watoto, kisha akawa mũtumia, mzee awezaye kukaa katika nzama, baraza la hukumu. Mwanamke alitoka katika uĩitu, yaani usichana, akawa kĩveti, mke na mama. Kilichomvusha mtu kutoka daraja hadi daraja kilikuwa tendo: kutahiriwa, kuoa au kuolewa, kuzaa, kutoa ada kwa wazee. Kwa hiyo kila jina la rika lilikuwa na fadhila zake ndani yake. Mwanake alitarajiwa kuwa na nguvu na wepesi wa kwenda. Mũtumia alitarajiwa kuwa na ũĩ, yaani hekima, na kuyapima maneno yake.

Jina hili la mũtumia lastahili kutazamwa zaidi. Katika Kikamba maana yake ni mzee mwanamume. Katika Kikuyu, lugha jirani na ndugu, jina lilelile humaanisha mwanamke aliyeolewa. Wasemaji wengi wa Kikuyu hulifungamanisha jina hilo na kitendo cha kufumba mdomo. Iwe etimolojia hiyo ni ya kweli, au iwe imebuniwa baadaye ili kulitolea jina maelezo, yatufundisha jambo moja: fadhila ya kuutawala ulimi yaweza kupewa wazee wanaume upande mmoja wa mpaka wa lugha, na wake za watu upande wa pili. Kwa mzee wa nzama kunyamaza ni dalili ya mamlaka, kwani neno lake litakuja mwisho na kuhukumu. Kwa mke ni dalili ya utii. Hojaji iulizayo “Je, huwa unajizuia kusema?” itapokea ndiyo mbili zisizo na undugu.

Kiswahili nacho hakikosi mambo ya namna hii. Mtu mzima ni aliyevuka ujana. Mzima ni asiye na maradhi. Kitu kizima ni kisichopungukiwa. Umri, afya na ukamilifu vimekaa katika kivumishi kimoja. Ndiyo maana methali husema, “Utu uzima dawa,” na nyingine, “Penye wazee haliharibiki neno.” Kijana aliyelelewa katika lugha hii amekwisha kuambiwa, kabla hajaulizwa lolote, kwamba hekima si yake bado. Akijipa alama ndogo katika hekima, huenda anaonyesha adabu tu.

4. Maneno ya fadhila

Kwanza yafaa kuangalia kisichokuwamo. Katika orodha ya nguvu 24 heshima haimo. Mtu wa Machakos akiulizwa mtoto mwema ni yupi, hatachukua muda kabla ya kutaja ndaĩa katika Kikamba au heshima na adabu katika Kiswahili. Fadhila hiyo huwapanga watu kwa rika na kwa jinsia: nani amwamkie nani kwanza, nani aketi wapi, nani atajwe kwa jina na nani aitwe kwa jina la mwanawe wa kwanza. Orodha isiyo na heshima yaweza kuhesabu mengi ya kweli kuhusu Machakos, lakini imeliacha nje jambo ambalo wenyeji wangeanza nalo.

Mfano wa pili ni nthoni. Neno hili la Kikamba lina ndugu yake katika Kiswahili, nalo ni soni. Katika Kiswahili cha leo soni imebaki kuwa hisia ya moyoni, aibu au haya. Katika Kikamba nthoni ni hisia na pia ni kanuni: ni ule mwepukano wa heshima baina ya mwanamume na mama mkwe wake, ambao Lindblom aliueleza kwa urefu. Mtu haambiwi kuwa ana nthoni hivihivi. Ana nthoni mbele ya fulani. Hojaji nyingi huichukulia tabia kama mali aliyonayo mtu popote aendapo. Nthoni si mali ya mtu mmoja, ni njia iliyo baina ya watu wawili, na hubadilika kila mmoja wao anapobadili rika.

Mfano wa tatu ni udadisi, mojawapo ya zile nguvu 5 zilizotajwa kuwa zinafungamana na kuridhika na maisha. Mwanafunzi mvulana aulizaye maswali mengi husifiwa kuwa mdadisi. Msichana afanyaye vilevile nje ya darasa hukaribia kuitwa mmbeya, na mwanamke mzima aulizaye mambo ya watu huitwa hivyo waziwazi. Mzee naye hatarajiwi kudadisi, atarajiwa kujua. Hivyo neno moja lina bei nne katika soko moja.

Ujasiri una mambo yake pia. Kiswahili kina desturi ya kuufungamanisha na uume: mtu huambiwa ajikaze kiume, na afanyaye jambo gumu husemwa amefanya kiume, hata akiwa mwanamke. Historia ya Machakos iliongeza uzito huo. Wakamba wengi waliandikwa katika jeshi na polisi wakati wa ukoloni, hata sifa ya uaskari na uaminifu ikawa kama chapa ya kabila. Myles Osborne, katika kitabu chake cha 2014, ameeleza jinsi sifa hiyo ilivyojengwa na kujadiliwa. Mwanamke wa Machakos aulizwapo kama ni jasiri, huulizwa kwa neno ambalo limevaa sare ya askari.

5. Maneno ya hali njema

Kuhusu hali njema, Kikamba kina jambo ambalo mwanafalsafa angelionea wivu. Mũndũ mũseo ni mtu mwema. Katika kuamkiana mtu huulizwa, “Wĩ mũseo?” naye hujibu kuwa ni mũseo, maana yake hajambo. Kivumishi kimoja hubeba wema wa tabia na uzima wa hali. Kiswahili nacho huonyesha udugu huo katika -ema, kwani mtu mwema na hali njema vina shina moja, ijapokuwa katika maamkizi Kiswahili hupendelea kuuliza kama hakuna jambo lililomsibu mtu. Kwa hiyo mtafiti atakaye kuutenganisha wema na hali njema katika hojaji mbili, kisha kutafuta uhusiano wake kwa hesabu, atafute pia kiasi gani cha uhusiano huo kilikwisha kuwekwa na lugha.

Maneno mengine hutengana kwa rika. Starehe kwa mzee ni kupumzika baada ya kazi. Kwa vijana wa mjini mara nyingi ni anasa na vileo. Furaha ni ya tukio, kama arusi au mavuno, na mtu asemaye ana furaha kila siku hushangaza. Kuridhika husifiwa kwa mzee, lakini kijana aridhikaye mapema husemwa kuwa hana haja ya maendeleo. Kujitegemea kimawazo, ambako Carol Ryff alikuhesabu mwaka 1989 kuwa sehemu ya hali njema ya nafsi, huonekana kuwa ukomavu kwa baba mwenye mji na ukaidi kwa mke kijana.

Pamoja na maneno, kila rika lilikuwa na mahali pa kuutunzia moyo. Wanaume walikuwa na thome, kikao cha nje ya boma palipowashwa moto na kupigwa gumzo. Wanawake wa makamo na wazee walikuwa na ngoma ya kĩlũmi, ambayo ilikuwa ibada na tiba kwa pamoja. Wajukuu na mababu waliruhusiwa utani ambao baina ya baba na mwana ungekuwa utovu wa adabu. Mahali hapo palipokosekana, lugha yake ilikonda pia. Kijana wa kiume wa leo ambaye hana thome na ambaye ameambiwa ajikaze, ana maneno machache sana ya kusema kwamba ameelemewa. Akinyamaza, hojaji itamwandika kuwa mstahimilivu.

6. Mfano: matuta ya Machakos

Jambo lisemwalo hapa laweza kuthibitishwa kwa mfano ambao umejulikana duniani kote. Katika miaka ya 1930 milima ya Machakos ilikuwa imemomonyoka vibaya, na ripoti ya Colin Maher ya mwaka 1937 ilieleza hali hiyo kwa maneno ya kutisha. Serikali ilipotaka kupunguza mifugo kwa nguvu, Wakamba, wake kwa waume pamoja na watoto, waliandamana hadi Nairobi mwaka 1938 wakiongozwa na Muindi Mbingu. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini amri ya kupunguza mifugo ililegezwa.

Nusu karne baadaye Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha 1994, walionyesha kwamba wilaya hiyohiyo, iliyokuwa na watu takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 na takriban 1,390,000 mwaka 1989, ilikuwa na mmomonyoko mdogo kuliko zamani. Sababu zilikuwa nyingi: barabara, soko la Nairobi, kahawa, fedha za mishahara. Lakini udongo wenyewe ulizuiwa na matuta, na matuta yalichimbwa kwa sehemu kubwa na vikundi vya mwethya, ushirika wa zamani wa kusaidiana kazi, ambavyo tangu miaka ya 1950 vilijaa wanawake. Waume wengi walikuwa Nairobi, Mombasa au jeshini.

Fadhila gani iliyoonekana hapo? Kwa orodha ya nguvu 24 ni ustahimilivu, ushirikiano, uongozi, busara na tumaini. Kwa Kikamba ni kĩthito, bidii isiyolegea. Lakini methali ya Kiswahili yasema, “Mume kazi, mke nguo,” na kwa methali hiyo kazi ya jembe la mwanamke haina jina. Hata istilahi iliyotokana na kazi hiyo yatoa ushahidi. Tuta linalotengenezwa kwa kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu huitwa fanya juu, na lile ambalo udongo wake hutupwa chini huitwa fanya chini. Maneno hayo yameingia katika vitabu vya hifadhi ya udongo vya mataifa mengi. Kisarufi ni amri, ni sauti ya msimamizi akimwelekeza mwenye jembe. Dunia imeihifadhi amri. Jina la fadhila ya waliochimba haikulichukua.

Athari yake kwa vipimo ni hii. Mama mzee aliyechimba matuta kwa miaka 20 akiulizwa, “Je, wewe ni kiongozi? Je, wewe ni jasiri?” aweza kujibu la bila kusita, kwa kuwa kiongozi ni chifu na jasiri ni askari. Akiulizwa, “Mvua iliponyima, nani aliyewaita wenzake shambani?” atajibu kwa saa nzima.

7. Mambo ya kuzingatiwa katika kutafsiri hojaji

Suala hili si la darasani peke yake. Mwaka 2020 kikosi kazi cha afya ya akili kilichoteuliwa na Serikali ya Kenya kilitoa ripoti ambayo jina lake liliunganisha afya ya akili, hali njema na furaha ya taifa. Kilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na iundwe tume ishughulikiayo afya ya akili na furaha. Pale ambapo furaha inahesabiwa ili fedha zigawanywe, neno lililotafsiriwa vibaya laweza kuinyima zahanati mshauri wake. Wanawake wa rika moja wataonekana hawana tumaini kwa kuwa walisema “Mungu akipenda”. Vijana wa kiume wataonekana wazima kwa kuwa hawakusema kitu.

Mambo matatu, basi, yafaa yazingatiwe. La kwanza, maneno yakusanywe kabla ya alama: kila rika na kila jinsia iulizwe kwa lugha ya nyumbani ni maneno gani humsifu mtu wa namna yake, na yapi humuumbua. La pili, maswali yajengwe juu ya vitendo na mahusiano, si juu ya majina ya sifa. La tatu, matokeo yachapishwe pamoja na maneno yaliyotumiwa katika kila lugha, ili msomaji ajue tofauti ni ya watu au ni ya msamiati.

Yafaa pia kukiri kwamba si kila tofauti ni ya maneno. Mwanake wa zamani aliyevuka nzaiko, mafunzo ya jandoni, na mwanafunzi wa leo wa shule ya bweni hawakulelewa na watu wale wale, wala hawakuogopa njaa kwa namna moja. Wazee hukumbuka Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali mwishoni mwa karne ya 19, kwa masimulizi ya wazazi wao. Waliofuata huikumbuka kwa macho yao ile ya 1984 iitwayo Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa hali ninazo, kwa kuwa fedha zilikuwapo na chakula hakikuwapo. Vizazi vilivyofundishwa na majina ya namna hiyo lazima viwe na subira na hofu tofauti. Kazi ya isimu ni kuusafisha mzani kwanza, ili kinachopimwa kiwe hicho.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika Machakos majina ya rika yamebeba fadhila ndani yake, kwamba maneno ya sifa hubadili thamani yanapohama kutoka kwa mvulana hadi kwa msichana na kutoka kwa kijana hadi kwa mzee, na kwamba Kikamba na Kiswahili, kila moja kwa njia yake, huuweka wema wa mtu karibu na uzima wake. Mwaka 2022 wapiga kura wa Machakos walimchagua Wavinya Ndeti kuwa gavana, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika kaunti hiyo. Matendo, kwa hiyo, yametangulia. Msamiati wa uongozi na ujasiri una deni la kuyafikia, na wenye kuandika kamusi na hojaji ni miongoni mwa wadaiwa.